Gogo la Mgomba Lililopigiwa Saluti

Nani kati yenu amewahi kumzika mgomba?

Msicheke, nauliza kwa dhati. Inueni mikono niwaone. Haya, naona minne kule nyuma, na yote ni ya kina mama wenye mvi. Nilijua. Ninyi wanne mnaweza hata kupumzika kidogo, maana haya mnayajua. Wengine sikilizeni.

Kulikuwa na nchi moja ya milima na migomba, ambako mtu akifa na mwili wake usipatikane, jamaa zake hawakubali kuanua matanga hivihivi. Wanakata gogo la mgomba, wanalipima urefu wa marehemu, wanalivika nguo yake mwenyewe, na kulilaza kaburini kama mtu. Kabla ya udongo, msimamizi wa mazishi anauliza mara tatu kwa sauti: "Nani alimwona mwisho?" Yule aliyemwona mwisho, awe rafiki, awe adui, awe mpita njia tu, anajitokeza. Anataja siku na mahali. Anatupia konzi ya kwanza ya udongo. Hapo ndipo kilio kinapokwisha. Mjane ananyolewa nywele za msiba, watu wanakula, maisha yanaendelea. Asipojitokeza mtu, gogo linafunikwa hivyo hivyo, lakini mjane hanyoi. Anabaki na nywele zake mpaka jibu lije, au mpaka afe nazo.

Katika nchi hiyo alikuwapo mama mmoja ambaye hakuwa amenyoa kwa miaka arobaini na mmoja.

Mumewe alikuwa fundi redio pale soko la chini. Mnajua fundi redio anavyofanya kazi: anafungua mgongo wa redio, anagusa gusa kwa bisibisi, halafu anaijaribu kwa stesheni yoyote itakayokamata. Jumanne moja, saa nne asubuhi, ikakamata stesheni ya nje. Na sauti ya huko nje ikamtaja Jenerali aliyetawala nchi kwa jina lake tupu, bila vile vyeo kumi na kimoja alivyojipachika. Askari wawili walikuwa wanapita.

"Wakubwa, redio si yangu," fundi alisema. "Ni ya mteja."

"Na masikio?" askari mmoja akamwuliza. "Nayo ni ya mteja?"

Sokoni watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, maana enzi zile askari akitania usipocheka unaitwa na wewe. Fundi akapandishwa kwenye gari la kijani, bisibisi bado mkononi. Mkewe alikuwa hatua kumi tu pale, ananunua chumvi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Miezi minane baadaye alikwenda shambani mwenyewe, akachagua mgomba, akajipima nao: akimwegemea mumewe, paji lake la uso lilikuwa linafika begani kwa mumewe, basi akaongeza urefu wa kichwa, akakata. Mzee aliyekuwa akisimamia mazishi ya namna hiyo alikuwa amekimbia nchi, ikabidi mama asimamie mwenyewe. Akalivika gogo shati la fundi. Akauliza mara tatu. Kunguru tu ndio waliojibu.

Habari zikaenea kwamba yule mke wa fundi redio anajua kuzika migomba. Wakaanza kuja, huyu na mwanawe, yule na kaka yake, mwingine na baba na wajomba wawili kwa mpigo. Magogo sabini na mawili, ndugu zangu. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki, ninyi kina mama mnajua; alikuwa hana gauni hata moja lisilo na madoa meusi. Mara sabini na mbili aliuliza nani alimwona mwisho, kila mara mara tatu, na hakujibiwa hata mara moja. Wenye majibu walikuwa kambini wanacheza karata.

Siku zikapita. Jenerali akapinduliwa, akakimbilia ugenini, akazeekea huko, akafia huko. Wakaja watawala wa kiraia na tai zao. Wakaiba. Wakaja wengine, wakaiba kwa ustadi zaidi, with PowerPoint. Barabara aliyoijenga Jenerali ikabaki barabara pekee isiyo na mashimo. Na tuseme kweli, maana uongo hauponyi kidonda: yule mtu alijenga. Alijenga barabara ile, akajenga hospitali ya mkoa, na yule mama mwenyewe alijifungulia humo binti yake wa pekee, chini ya picha ya Jenerali, kwa mkunga wa serikali, bila kuombwa rushwa hata ya soda. Alikuwa analisema hilo waziwazi. Hakuwahi kulificha.

Kwa hiyo ikazuka hoja mpya. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya Jenerali kukimbia wakaanza kuvaa fulana zenye uso wake. Ukiwauliza, wanakwambia, "Yule mzee alikuwa legend. Enzi zake hakukuwa na ujinga huu." Utawalaumu? Mtu mwenye njaa hukumbuka hata chakula ambacho hakuwahi kula. Redioni wakaja madaktari wa historia wakisema tulimwonea, tumtazame upya, tupime uzito wake kwa mizani ya haki. Serikali nayo, ambayo haina cha kujivunia, ikaona bora ijivunie cha marehemu. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kumrejeshea Jenerali Heshima Yake. Mwenyekiti: Kanali mmoja mstaafu, msaidizi wake wa zamani.

Shida ikawa moja. Wenyeji kule ugenini walikataa kuutoa mwili.

Sasa mnaona tunakokwenda?

Kanali alifika kwa mama na magari mawili, asubuhi, akiwa amevaa suti na viatu vinavyong'aa, akaruka dimbwi la maji machafu kama mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Angalia hapo, kuna utelezi."

"Mama, tumekuja kwako kama wazawa. Tunataka kumzika Mzee wetu kwa desturi ya nchi. Tumeuliza kila wilaya, tumeambiwa anayejua amebaki mmoja tu, na ndiye wewe."

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha.

"Mnajua nimejifunzia wapi kazi hii?" akauliza.

Kanali akakohoa. "Mama, kulikuwa na makosa. Hakuna anayekataa. Lakini historia lazima iandikwe upya, kwa uwiano."

"Mimi sina ugomvi na historia, baba. Nina ugomvi na Jumanne moja."

"Hilo nalo tutaliangalia kwa wakati wake."

Mama akaendelea kuchambua maharage. Mnadhani alikuwa anafikiria nini? Posho? La. Alikuwa anapiga hesabu ya watu. Siku ya mazishi yale, wote watakuwapo. Wote waliokuwa kambini, wote wenye pumzi bado, watakuja kumzika bwana wao, watakaa pamoja uwanja mmoja, na yeye ndiye atakayekuwa na haki ya kuuliza. Kwa miaka arobaini na mmoja aliuliza mbele ya watu wasiojua. Safari hii atauliza mbele ya wanaojua.

"Nitafanya," akasema. "Kwa sharti moja. Desturi ifuatwe yote. Msiruke hatua hata moja."

"Mama, hata nusu!" Kanali akasema kwa furaha. Alidhani desturi ni mapambo.

Kuna mtu mwingine mnapaswa kumjua. Mama alikuwa anaishi na mjukuu wake, binti wa yule binti aliyezaliwa hospitali ya Jenerali. Alimlea tangu ananyonya. Mjukuu alikuwa amesoma, tena amesoma historia, chuo kikuu, akapata daraja la juu. Kisha akakaa nyumbani miaka minne. Vyeti kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikachoka, akanunua nyingine. Alituma maombi mpaka mtu wa posta akawa anamwita "mchumba" kwa jinsi walivyozoeana. Halafu Kamati ikampa contract ya miezi mitatu: aandike kijitabu cha sifa za Jenerali, na siku ya mazishi aandike taarifa rasmi.

Mama alikisoma kile kijitabu kwa miwani yenye kioo kimoja. Sura ya kwanza, utoto. Sura ya pili, barabara. Ya tatu, hospitali. Ya nne ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

"Mjukuu wangu, hii ya nne inaitwa nini?"

"'Changamoto za Kipindi', Bibi."

"Babu yako yumo?"

"Yumo, Bibi. Yaani... wamo wote, kwa ujumla."

"Kwa hiyo babu yako ni changamoto."

Binti akainamisha kichwa. "Bibi, nilikuwa nimeandika 'waliouawa'. Kanali akaweka mstari mwekundu. Nikaandika 'waliopotea'. Akaweka mstari. Ni contract tu, Bibi. Miezi mitatu tu. Nikimaliza labda nitapata recommendation."

"Sijakugombeza, mama. Nimeuliza tu."

Ikaja siku ya kupima gogo. Kanali na wajumbe wake wakaja shambani na tepu ya fundi seremala.

"Alikuwa na urefu gani?" mama akauliza.

"Futi sita na nusu," Kanali akasema pale pale.

"Una hakika, baba? Gogo halirudi likishakatwa."

"Kijitabu kinasema hivyo."

Mama akakata futi sita na nusu. Ikaletwa sare ya Jenerali kutoka makumbusho, imepigwa pasi, nishani zimejaa mpaka mbavuni. Wakalivika gogo. Suruali ikaishia magotini! Mikono ya koti ilikuwa imejazwa nyasi, lakini bega halikuingia, kifungo kikakatika kikaruka mpaka kwenye matuta ya maharage. Wajumbe wakatazamana. Kumbe Mzee alikuwa mfupi, mtu wa futi tano na kidogo, na viatu vyake, vilipotolewa kwenye boksi, vilikuwa na visigino kama vya bibi harusi.

"Wafu wakisifiwa sana hurefuka," mama akasema, akachukua panga, akapunguza gogo.

Hakuna aliyecheka. Yeye ndiye aliyecheka, peke yake, mpaka akakaa chini. Na mjukuu alipomfikia akakuta bibi yake halii kwa kicheko tena, analia kweli. "Babu yako nilimpima kwa paji la uso," akasema. "Shati lilimwenea mara ya kwanza."

Siku ya mazishi uwanja wa mpira ulijaa kuanzia saa mbili asubuhi. Mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, fulana za bure, maji ya chupa. Vijana wa bodaboda wakizunguka na bendera, vuvu, vuvu. MC alikuwa kijana mwenye sauti ya tangazo la sabuni. "Tunapiga makofi ya kilo kwa Mzee wetu! Kule nyuma siwasikii, au mmekula nini?" Bendi ya jeshi ilikuwa na tarumbeta mpya. Gogo la mgomba, limevaa kofia, lilipitishwa juu ya gari la mizinga, na majenerali wa leo, watu wazima wenye vitambi na digrii, wakasimama wima na kulipigia saluti.

Wapendwa, kuna jambo la ajabu nataka mlione. Mgomba ule ulikuwa umezaa mara moja, ndizi zimeliwa, shina lilikuwa linasubiri kuoza. Ukapewa risasi ishirini na moja angani. Na watu sabini na wawili walioishi na kupenda na kudaiwa karo za watoto hawakupewa hata kengele ya kanisa.

Mama alisimama ukingoni mwa kaburi, na jembe lake, na gauni lake la madoa. Wakampa kipaza sauti. Akauliza mara ya kwanza:

"Nani alimwona mwisho?"

Kanali alikuwa amekwisha simama. Aliyemwona ni yeye! Akasimulia, na jamani, alisimulia vizuri. Hospitali fulani ya ugenini, chumba namba kumi na nne, Ijumaa, jua linaingia kwa dirisha la kushoto. Mzee aliomba uji wa ulezi, ugenini hakuna ulezi, wakamletea kitu cha maziwa, akanywa vijiko viwili kwa heshima. Alisema miguu ina baridi. Kanali mwenyewe akapiga magoti akamvisha soksi. Neno lake la mwisho lilikuwa jina la mama yake mzazi.

Watu walilia. Mama naye machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Alikuwa amemchukia mtu yule kwa miaka mingi, na sasa alimwona amelala, mfupi, mzee, miguu baridi, anamwita mamake. Alikuwa mtu. Nani alisema si mtu? Lakini ndani ya machozi yale yale kitu kingine kikamchoma: kumbe inawezekana! Kumbe kifo cha mtu mmoja kinaweza kukumbukwa hivi, namba ya chumba, upande wa dirisha, vijiko vya uji! Kumbe wana kumbukumbu nzuri namna hii!

Kanali akatupia konzi ya udongo. MC akasema, "Sasa tunafunika, bendi tayari..."

"Bado," mama akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeuliza mara moja. Desturi ni mara tatu."

MC akacheka cheko la wasiwasi. "Haya, mama yetu, fasta fasta, tuna ratiba."

Mama akageuka, akalipa mgongo gogo, akawatazama wale wazee wa safu za mbele, wenye nishani.

"Nani alimwona mwisho fundi redio wa soko la chini? Jumanne, saa nne asubuhi, gari la kijani. Alikuwa na bisibisi mkononi."

Hata bodaboda zilizima.

Kanali akasogea, akasema chini chini, lakini kipaza sauti kikamdaka: "Mama, hilo tutalizungumza faragha."

"Nimelizungumza faragha miaka arobaini na mmoja, baba. Na jiko, na ukuta. Hivi vyote havikuwepo kambini." Akainua sauti. "Nauliza mara ya tatu. Nani alimwona mwisho mume wangu?"

Na katika safu ya tatu, ndugu zangu, mzee mmoja akasimama.

Alikuwa mkongwe, amevaa koti kubwa kuliko yeye, ana nishani moja tu. Alikuwa ameegemea mkongojo.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa gari lile."

Mama akaliweka jembe chini.

"Walikuwa sita," dereva akasema. Hakuwa na kipaza sauti, sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya. "Yule fundi alikaa nyuma yangu. Aliniambia kioo changu cha pembeni kimelegea, akakikaza kwa bisibisi yake, tukiwa njiani. Nakumbuka. Mama, sijalala vizuri tangu siku ile. Tuliwapeleka..."

Kanali akainua kidole kimoja. Bendi ikapiga.

Tarumbeta zote, ngoma zote, wimbo wa Jenerali. Mama aliona midomo ya yule mzee inaendelea. Aliona ikisema neno moja fupi, kisha ikalirudia lile lile, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Aliona mkono wa mzee ukiinuka kuonyesha upande, na vijana wawili wa suti nyeusi wakaushusha taratibu, kwa adabu, kama wajukuu wanaomsaidia babu yao, wakamtoa.

Jina la mahali lilikuwa limetajwa. Limetajwa mchana, hadharani, mbele ya watu elfu tatu. Na yeye hakulisikia.

Lakini aliona na jambo jingine. Pembeni kabisa ya dereva, kiti kinachogusana na chake, alikuwa amekaa mjukuu wake, na daftari la taarifa rasmi. Na midomo ya mzee ilipotamka lile neno, mama aliiona kalamu ya mjukuu wake inatembea. Iliandika kitu kifupi. Ikasimama.

Moyo wa mama ukapumua. Akaacha gogo lifunikwe. Akaacha saluti zipigwe. Akatembea kwenda nyumbani kwa miguu, kilomita tano, na njiani akapita kwa jirani akaazima wembe.

Mjukuu alirudi saa kumi jioni. Mama alikuwa amekaa barazani, kitambaa amekivua, nywele zake nyeupe zimemwagika mpaka kiunoni, wembe na beseni la maji mbele yake.

"Karibu, mama. Ulikuwa karibu naye."

"Ndiyo, Bibi."

"Alisema wapi?"

Binti akaanza kuvua viatu. Alivua kimoja. Hakuendelea.

"Bendi, Bibi. Tarumbeta zilikuwa masikioni kabisa."

"Nilikuona unaandika."

"Niliandika kwamba bendi imepiga."

"Lete daftari."

"Wamelichukua, Bibi. Ni mali ya Kamati." Kisha akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Wamenipa kazi. Ya kudumu, Bibi. Makumbusho ya Jenerali. Naanza Jumatatu. Kuna nyumba, kuna bima, utatibiwa macho..." Hapo akalia, amesimama na kiatu kimoja mguuni.

Mama alimtazama mtoto aliyemlea kwa maziwa ya kopo. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige.

"Hongera, mjukuu wangu," akasema. Akazifunga nywele zake upya, akaingia ndani kumpakulia chakula.

Yule dereva hakuonekana tena kijijini kwake. Walisema amepelekwa kupumzishwa. Mama aliishi msimu mmoja wa mvua baada ya hapo. Alizikwa na nywele zake.

Na mjukuu? Nendeni leo mkamwone makumbusho. Amevaa nadhifu, anawatembeza watoto wa shule. Anawasimulia chumba namba kumi na nne, dirisha la kushoto, uji vijiko viwili. Watoto wanauliza maswali mazuri, naye anajibu yote. Neno moja tu, lile fupi, analo chini ya ulimi, na kila mwezi mshahara ukiingia linazidi kuwa zito.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamlaani yule binti. Ngojeni kwanza. Sisi tuliokaa hapa ibadani, sisi vijana wa mahafali, tulioiva kwa elimu na kuoza kwa kusubiri, tukiitwa kesho, tukapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kiti kinachozunguka, wangapi tungesema tumesikia? Wapi hasa tofauti yetu? Sisi ndio tunaovaa fulana. Sisi ndio tunaoandika "changamoto". Tumefundishwa references na footnotes, na hatuwezi kutaja mahali alipolala babu yetu.

Hatukatai mtu yeyote wa kale kutazamwa upya. Atazamwe! Barabara ni barabara, na aliyevishwa soksi alistahili kuvishwa soksi, maana hata yeye aliumbwa. Tulie naye, kama mama yule alivyolia. Lakini huwezi kumwambia mjane apime wema na ubaya kwenye mizani wakati upande mmoja umeukalia wewe. Na Mungu tunayemwabudu hapa hazibwi masikio na bendi. Alisikia lile neno. Amelisikia tangu siku lile gari liliposimama na wale sita wakaambiwa washuke.

Kuna kina mama wanne humu ndani walioinua mikono nilipouliza. Tazameni vitambaa vyao vya kichwa. Mmoja ana miaka themanini na tatu.

Basi sasa naongea na ninyi, waheshimiwa mliokaribishwa viti vya mbele na kuandikiwa majina yenu kwenye ratiba. Hatuwaombi tume nyingine. Hatutaki sanamu, wala siku ya kitaifa, wala hotuba ya maridhiano. Wengine wenu mlikuwepo, na waliokuwa wadogo wakati ule wamerithi makabati yenye faili. Mnapajua. Wako wapi? Simameni mmoja mmoja, mgeuke huku nyuma waliko hawa kina mama, na mtaje jina la mahali, leo, kabla hamjatoka kwenda kula.